Karatasi za Karanga

Jumamosi ile nilikuwa na haraka ya kuwa mtu wa kisasa.
Daftari la likelemba lilikuwa limelowa:
bati la sekretarieti yangu hapa Kadutu lina tundu,
na mvua ya Bukavu haipigi hodi.
Nikasema, haya, tuingize yote kwenye kompyuta,
majina thelathini na moja, nani kachukua, nani bado,
nani anadaiwa tangu Pasaka.

Kila ukurasa niliomaliza kunakili niliuchana,
nikampa Asifiwe wa mlangoni afungie karanga zake.
Karatasi ya bure, alifurahi. Nami nilifurahi.

Mashine ni ya zamani. Ilipofika jina la thelathini na moja
ikaanza kuvuta miguu
kama anayepanda Cimpunda na gunia la makala mgongoni.
Nabonyeza herufi, inatokea baada ya pumzi mbili.
Kisha kisanduku cheupe katikati ya kioo:
Kumbukumbu haitoshi.
Nikabofya sawa. Sawa ya nini?
Nikabofya tena.
Kishale kikaganda, kioo kikawa cheusi.
Nilikuwa sijahifadhi. Hata mara moja.

Nilipoiwasha ililia, pii, pii, pii,
milio mitatu mirefu, ikanyamaza, ikaanza upya,
kama mgeni anayebisha nyumba iliyohamwa.
Mkononi nimebaki na ukurasa wa mwisho wa daftari,
wenye jina moja: langu.

Mali bila daftari huisha bila habari.
Methali hiyo niliichapa mwenyewe kwa herufi kubwa,
nikaibandika ukutani, juu ya bei za fotokopi.

Jumapili baada ya misa wakaja.
Ajabu, kila mtu anakumbuka alichotoa,
hakuna anayekumbuka alichochukua.
Zihindula mchomeleaji akaapa kwa kaburi la baba yake,
na baba yake nilimsalimia asubuhi ile pale Nyawera.
Mama Noella akahesabu kwa vidole vyake vyote,
akakopa na vya mwanawe.
Chama kizima kinadai,
na mdaiwa ni mmoja tu.

Jumatatu fundi Akonkwa akafungua ubavu wa mashine.
Likatoka vumbi, na mende mmoja mkavu.
Akachomoa kijiti cha kumbukumbu, chembamba kama biskuti,
meno yake ya dhahabu yameota ukungu.
Akamwomba mtoto wa shule kifutio.
Kifutio! Akasugua taratibu, anapuliza, anasugua,
nami natazama kitu cha kufutia
kikifundisha kitu kukumbuka.
"Itaamka," akasema. "Ila uliyoiambia Jumamosi, sahau.
Hii haitunzi, inashika tu, kama mkono.
Usingizi ukiipata, inaachia."

Ndipo akaingia Nsimire, muuza sambaza,
beseni kichwani, maji ya ziwa yanamchirizika sikioni.
Akaweka mezani karatasi iliyoviringwa mfano wa pembe,
imeng'aa mafuta, ina maganda mawili ndani.
Mwandiko ni wangu. Wino umetambaa lakini unasomeka:
Nsimire. Amechukua. Amebakiza dola kumi na saba.

"Nimenunua karanga," akasema,
"nikakuta nimefungiwa deni langu.
Karanga zimeshuka. Hili limekwama kooni."

Nikamwuliza, ungeitupa, nani angejua?
Akanitazama kama anavyotazama samaki wa juzi,
akahesabu franka zilizonata magamba,
za dola tatu, kwa kuanzia.

Mashine ikawaka. Ukurasa mweupe, hauna jina.
Nikaandika mstari mmoja, nikahifadhi.
Nikahifadhi tena.
Kisha nikavuka barabara kununua daftari,
kwa mkopo.

Tangu siku hiyo nanunua karanga kila jioni,
kwa Asifiwe na kwa wenzake hadi chini sokoni.
Nafungua polepole. Nasoma kwanza,
ndipo natafuna.
Jana nimempata Zihindula, nusu yake:
jina limechanika,
deni lipo.