Spea ya Mteja

Ukutani, juu ya debe la oili chafu,
nimeandika kwa rangi iliyobaki ya mlango wa Lada:
SPEA YA MTEJA HAINA DHAMANA.
Watu wa Kutaisi huisoma
kama wanavyosoma "Usivute Sigara":
huku wanapapasa kiberiti.

Nestani kaingia saa mbili, theluji mabegani.
Anasambaza mikate kwa Opeli
yenye umri sawa na binti yake,
na Opeli inatokwa maji tangu Jumapili.
Kaja na pampu mpya, kaiviringisha ndani ya taulo
kama mtoto aliyetoka kuoga.
"Binamu kaituma toka Polandi. Nusu ya bei yako, Jumberi.
Wewe funga tu."

Funga tu.
Hiyo "tu" ina bolti kumi na nne,
ina mkanda, gasketi, klipu moja yenye kutu
ambayo lazima ikatike,
na vidole vyangu saa nne kwenye chuma cha Januari.

Nikamwambia jambo ambalo mafundi hatulisemi:
umeme wa gereji hii unalipwa na spea.
Mkono wangu nauuza kwa hasara,
pampu ndiyo inayoufidia.
Na hii yako ikivuja wiki ijayo
hutakwenda Polandi.
Utakuja hapa, utasimama hapo hapo uliposimama,
na utanitazama mimi.

Akanyamaza. Akapuliza vidole.
Nje, mikate ilikuwa inapoa.

Nikafunua taulo.
Nikaizungusha pampu kwa kidole kimoja, sikio karibu.
Beringi kimya. Kimya mno, labda.
Juu ya chuma hapakuwa na jina,
ila mkwaruzo mahali jina lilipokuwa.
"Nani kamuuzia hii?" nikauliza,
na sauti iliyotoka haikuwa yangu.

Tisini na tatu. Hospitali ng'ambo ya mto Rioni.
Kidole tumbo cha mdogo wangu Malkhazi kimepasuka,
na muuguzi anatupa karatasi:
uzi wa kushonea, glovu jozi mbili,
spiriti, shuka, balbu moja ya wati mia.
Uzi niliupata sokoni. Balbu niliichomoa jikoni kwetu,
ingali ya moto, nikaibeba ndani ya soksi.
Daktari aliunyoosha ule uzi dirishani,
akauvuta, akaunusa.
"Nani kakuuzia huu?"
Mama mmoja, nikasema. Mwenye koti la kijani.
Alinitazama kitambo. Nilikuwa na miaka kumi na saba.
"Kushona nitashona," akasema. "Uzi ni wako."

Kwa maneno hayo nilimchukia miaka ishirini.
Kisha nikafungua gereji,
nikayaandika ukutani.

Malkhazi yupo. Ana kitambi, ana nyuki,
anasema kovu humwasha mvua ikikaribia.
Uzi ulishika.
Au ulioshika ni mkono ule,
mkono uliofanya kazi na kitu usichokiamini
na bado haukufanya haraka.
Risiti hakuandika mtu.

Basi nikachukua penseli:
Kazi, lari tisini. Pampu, ya mteja.
Nestani akatia sahihi bila kusoma,
akaacha mkate juu ya sanduku la spana,
akaenda kugawa mingine kwa miguu.

Saa kumi injini iliwaka.
Nikalaza kadibodi chini yake, nikachuchumaa
nikisubiri tone.
Dakika kumi. Ishirini. Mkate nikaumaliza.
Kadibodi kavu.
Ya kesho siyajui, na sikuyaandika.

Ile balbu, kama unauliza, hawakuturudishia.
Mama alipika gizani hadi Pasaka,
akiionja chumvi kwa kidole.