Slaidi ya Nne

Wiki nzima niliwahubiria masufuria.
Chumba cha kupanga, Uyole, saa tano usiku,
baridi ya mwezi wa sita imeuma mabati hadi yanalia,
nami nimejifunga blanketi kama mzazi wa juzi,
naieleza birika, naieleza ndoo ya maji
jinsi ukungu unavyoingia kwenye viazi mviringo:
doa moja, dogo, la rangi ya chai,
kisha shamba zima kabla Jumapili haijafika.

Subilaga kitandani, simu mkononi, anahesabu.
"Kumi na tatu. Punguza."
Nikapunguza mvua. Nikapunguza bei ya gunia.
"Kumi na moja. Punguza."
Nikamtoa mbwa wetu aliyenifuata matutani,
nikamtoa mzee Chaula, aliyeapa kwamba ni moshi wa malori.
"Kumi kamili," akasema, akageukia ukuta.
Kilichobaki kilikuwa safi,
kama kiazi kilichomenywa mno.

Asubuhi Loleza haukuonekana.
Nilivaa sketi ya kuazima, pini kiunoni,
Kiingereza kimenikaa kooni
kama kiporo cha ugali bila mboga.
Slaidi ya kwanza: jina langu, limekosewa herufi,
na aliyelikosea ni mimi.
Ya pili niliisoma kwa kasi ya mtu anayeachwa na basi.
Ya tatu, grafu. Hapo nikapumua.
Grafu haina kwao.

Ya nne ilikuwa picha.
Jani limeoza ukingoni, na mkono umelishika,
mkono wa kushoto, kucha zimejaa udongo wa Matamba,
kidole cha shahada kina kovu la jembe.
Kwenye simu ulikuwa mdogo.
Ukutani ulikuwa mkubwa kuliko mlango.
Mtu akacheka huko nyuma, si kwa ubaya, nadhani.
Madamu Tweve akashusha miwani:
"Huo mkono ni wa nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote.
Kipimo cha dawa kwa lita. Siku za kunyunyiza.
Mbegu gani inastahimili, ipi inajidai tu.
Nikasema: wa mkulima mmoja, katika eneo la utafiti.
Akaandika kitu.
Nikabonyeza, ikaja ya tano.

Nilipata themanini na moja.
Gwamaka akanunua chipsi kwa furaha,
tukala, mikono imejaa mafuta,
hakuna aliyeuliza viazi vimetoka shamba la nani.

Jioni mama alipiga. Alikuwa amepanda kilimani
kufuata mtandao; upepo ulitangulia sauti yake.
"Walikuelewa?"
Walinielewa, mama.
"Na ile picha uliyonipiga, waliiona?"
Waliiona. Ilijaa ukuta.
Akanyamaza, kisha akacheka kidogo,
kama mtu aliyekutwa na wageni jikoni.
"Si ungeniambia, mwanangu. Ningenawa."

Subilaga amelala. Birika linanitazama.
Nafanya mazoezi ya swali moja,
jibu lake halimalizi sekunde mbili,
na bado napitiliza muda.