Kisamvu cha Kusaga

Bi Sikudhani wa soko la Mabibo huniuliza kila Jumatatu:
"Cha kupika au cha kusaga?"
Cha kusaga, namwambia, na anacheka mpaka kilemba kinalegea,
maana hajaona mtu mwingine
anayetwanga kisamvu bila kitunguu saumu,
bila nazi, bila njaa.

Napanda nacho Mlimani, fungu zima ndani ya gazeti bichi.
Kinu changu ni cha kauri, hakizidi kikombe cha kahawa.
Namimina nitrojeni: jani linakuwa kioo,
kioo kinakuwa vumbi la kijani linalofuka baridi
katika Februari hii ya Dar, ambapo hata ukuta unatoka jasho.
Kisha chumvi, kisha sabuni, kisha spiriti,
na pale juu kinajikusanya kitu kama utando wa dafu changa.
Miaka kumi na tisa, sijakizoea.
Muhogo mzima, umelala kwenye ncha ya kijiti.

Herufi ni nne tu.
A humshika T kwa mikono miwili,
G humshika C kwa mitatu.
Napasha moto, digrii moja, digrii moja,
na wa mikono miwili ndio wa kwanza kuachana.
Muhogo umejaa hao, waachiaji wepesi.
Lakini kipo kipande kinachogoma.
Wenzake wamekwisha kutengana, chenyewe bado kimeng'ang'ana,
G tele, C tele,
kama mume na mke waliokataa kuachana mbele ya kadhi.

Ni jeni za ribosomu,
za yale mafiga ambapo seli hupika kila protini.
Mafiga matatu kwa safu: dogo, kubwa,
na katikati yao kijiwe kidogo kabisa.
Halafu tena. Halafu tena. Mamia kwa mamia,
kama maduka ya Mtaa wa Kongo:
vitenge vilevile, vitenge vilevile, vitenge vilevile,
ila kichochoro cha katikati ndicho hakifanani.
Hiki kina cherehani, kile kina paka,
kile kimezibwa mabati.
Kwa vichochoro tunajua muhogo upi ni wa ukoo upi.
Kwa maduka, ungepotea.

"Nyingi zimelala," anasema Dokta Nkwabi, mgeni kazini.
"Zimefungwa, hazisomwi. Za nini sasa?"
Anaandika *marudio*, anapiga mstari chini.
Mimi nawaza lugha yangu, isiyoona haya kurudia:
pole ni ya mgonjwa, polepole ni ya mwendo.
Mtu akisema kweli, unamsikiliza;
akisema kwelikweli, unavuta kiti.

Tulifika digrii tisini na tano. Wote wameachana,
hata wagomvi wangu wa mikono mitatu.
Hapo umeme ukakatika.

Nkwabi akalaani. Feni ikazunguka kwa mazoea, ikasimama.
Nikakaa na kile kijichupa gizani, kinapoa,
nikijua kinachoendelea ndani bila kukiona:
kila uzi unamtafuta wake.
Aliye peke yake atahangaika usiku kucha.
Aliye na mfano wake kila kona
hukutana na mwenzi hatua ya pili.
Zinazorudiwa ndizo hurudiana upesi.
Sikuiandika hiyo. Daftari la maabara halina safu yake.

Jumatatu nikamweleza Bi Sikudhani, kwa kifupi,
kwamba ndani ya majani yake kuna neno moja
limeandikwa mara elfu na zaidi,
na mengi ya hayo hayasomwi na yeyote.
Hakushangaa. Alikuwa anafunga fungu kwa ukili.
"Mimi nimeita tangu alfajiri," akasema,
"unadhani wangapi wamesikia?"
Akanipa chenji, akanipita kwa macho, akapaza:
kisamvuu, kisamvu! kisamvuu, kisamvu!
na kule kwenye magunia ya mkaa
mwanamke mmoja akageuka.