Mironjo Mipya

Usiipande leo, alisema Nantende,
mti bado una maji ya masika ndani yake.
Nikaiegemeza nyuma ya jiko wiki tatu,
nikiigeuza kila asubuhi
kama mgonjwa asiyejiweza.

Kisha kipande cha chupa. Kukwangua, kukwangua,
hadi kiganja kikipita kisikute pa kusitia.
Fundo moja lilikataa. Nimeliacha,
tutajuana, lenyewe na goti langu la kushoto.

Nta nilipewa Kitangari na mrina asali,
donge jeusi lenye mguu wa nyuki ndani.
Niliiyeyusha kwenye kopo la maziwa,
nikaipaka ingali moto.
Mti ukanywa, ukanywa,
ukaacha kunywa.

Kamba ni mpira wa baiskeli ya shemeji.
Hajaniuliza bado.

Chini nimeivisha soli za tairi,
maana mchanga wa Newala humeza ncha,
na mchezaji akianguka
hucheka hata waliomfunza.

Jioni nikakaa juu ya paa la banda la korosho,
nikaifunga, mizunguko saba kila mguu.
Sikusimama.
Nilitaka kuona tu
kivuli chake kikivuka ua
na kupiga hodi kwa akina Namkopi
kabla yangu.