Siku Kumi za Peru, Rasimu ya Nne

Mize, hebu lete ile kalamu nyeusi, tuanze tena.
Nyuma ya kalenda ya mwaka juzi pana nafasi tele
na leo Limbani nzima ina umeme.

Siku ya kwanza, Lima.
Hapana, futa. Siku ya kwanza ni njia:
Chake mpaka Unguja, Unguja mpaka Adis,
Adis mpaka Sao Paulo, ndipo Lima.
Ramla wa tiketi kanambia huko wako nyuma yetu saa nane;
watu wa Konde watakuwa wanaadhiniwa alfajiri,
sisi ndiyo kwanza tumetoka isha.
Ukacheka. Ukasema, kumbe deni la sala hulipwa kwa ndege.

Mimi nataka mawe.
Miaka thelathini na miwili nimepima karafuu za watu ghalani,
gunia kwa gunia, jicho kwenye mshale wa mizani,
na kila mtu akiniona mwizi kwa ratili moja.
Nataka niyaone ya Machu Pichu
yalivyokaa bila saruji, hata wembe haupiti,
na hakuna karani aliyesimama pembeni
akiulizwa, "Una hakika, Bwana Shoka?"

Wewe unataka soko.
Unasema mawe hayaliwi.
Umesikia wana mbatata aina elfu tatu,
nyeusi, za zambarau, za kunyanzi
kama kidole kilichosahauliwa majini;
nawe umemenya za Lushoto tangu harusi yetu
ukijua aina mbili tu,
nzima na mbovu.

Kusko ni mita elfu tatu na mia nne.
Kisiwa chetu kikisimama kwa ncha za vidole
hakifiki goti la mlima ule.
Daktari alicheka,
kisha akanipima presha mara ya pili, hakucheka.
Ndiyo maana kila baada ya alasiri
tunapanda ngazi za majumba ya ghorofa, tunashuka, tunapanda,
wewe na chupa ya chai ya tangawizi, mimi na saa.
Watoto wametupa jina: Timu ya Taifa.
Ghorofa ya tatu goti lako huanza kusema.
Namsikia. Najifanya nahesabu dakika.

Sasa fedha.
Za vuli zilikwenda kwa figo ya Faki.
Hatukujuta, ila usiku ule ule
ulichukua kalamu ukafuta ziwa la Titikaka
kwa mstari mmoja, taratibu, kama mtu anayefunika chungu.
Za mwaka uliofuata mvua ilizikuta majamvini;
tulikimbia na matandiko, na mapazia, na kanga ya mgeni,
zikavunda vivyo hivyo. Tukafuta Nazka,
ile michoro ya jangwani ya kutazamwa kwa kindege kidogo.
Ukasema, afadhali, kindege kidogo hukipandi hata ufungwe kamba.

Kilichobaki basi:
Lima mbili, Kusko nne,
mlima mmoja, soko moja,
siku moja ya kuumwa, maana tutaumwa,
na moja nimeiacha wazi, sijui kwa nini.

Jana usiku nimekukuta chini ya taa
unashona kifuko ndani ya pindo la buibui.
Karafuu kumi na moja. Nilizihesabu, ni mazoea.
Nikakwambia, Mize, forodha ya watu haitaki mbegu wala majani,
watatuvua nguo mbele ya halaiki.
Ukakata uzi kwa meno.
"Mbatata ilipokuja kwetu, nani aliigongea muhuri?"
Ukasema huwezi kwenda kwa mwenye mbatata
mikono mitupu kama mdai.

Sikuwa na jibu, nikaenda kuzima taa ya uani.

Basi andika. Siku ya saba: soko.
Siku ya nane, pale nilipoacha wazi,
andika soko tena.
Hilo la pili usimsomee Ramla,
atadhani tumekosea, atalisahihisha.