Siha: Nne

Chumba cha chini, Oshkosh; theluji imeziba kidirisha.
Wendell ataka mgao: pointi sawa kwa wote,
asije mmoja akatoka shujaa, mwingine makapi.
Loretta ana yake: rusha dadu nne,
iliyo ndogo itupe.
Mimi nimerusha tatu tatu, kwa mpangilio,
kama zamani, pasi rufaa.

Nguvu, kumi na sita.
Hekima, tisa.
Siha:
moja, moja, mbili.

"Rudia! Huyo hafiki hata langoni."

Juu ya dari mashine inampumulia Orrin, kaka yangu:
puu, kimya, puu.
Yeye alirushiwa na nani,
na mbona hapo hapakuwa na wa kusema rudia?

Naweka penseli chini.
Ile nne naiandika kwa wino.