Kisanduku cha Saba

*Eleza umuhimu wa utafiti wako. Maneno yasizidi 160.*

Nianze na ukuta wa Min Akeyo, huko Kakola:
kila mwaka mto Nyando ukiingia bila hodi
yeye huchora mstari kwa makaa.
Wa juu kabisa unanifika kidevuni.
Ndiyo data yangu.

Bajeti: boti ya kukodi, betri, gambuti jozi moja zaidi
maana mimi na Okelo, anayenishikia kipimo,
twavaa kwa zamu.
Chai ya wahojiwa mliifuta. Nimeirudisha.
Mtu hahojiwi na koo kavu.

Atakayefaidika?
Kaunti inayo sera ya mafuriko, kurasa tisini;
niliihariri mwenyewe, kibarua cha miezi mitatu.
Ndani yake hamna ukuta hata mmoja.

Umri: mwisho thelathini na tano.
Natimiza thelathini na sita Ijumaa.
Dirisha lenu lafungwa Alhamisi, usiku wa manane, saa za kwenu,
ambazo hapa Kondele ni Ijumaa, watu wanakaanga mandazi.
Nijaze umri upi?

Mwaka jana mliandika "tunasikitika."
Nilimsomea mama kwa simu.
Akanyamaza, kisha: angalau hao wamejibu.
Alidhani ni mwanzo wa mazungumzo.
Labda ni kweli, ndiyo maana nimerudi
na barua ya profesa iliyosainiwa juu ya boneti ya gari,
Maseno, injini ikinguruma.

Kihesabio hapa chini kinasema: yamebaki kumi.

Mvua imeanza Nandi.
Maji yatafika Kakola kabla ya majibu yenu.